Mama Astère na Daftari la Majina Ishirini na Matatu

Mama zetu, baba zetu, majirani wa Bwiza, na ninyi mliovuka mpaka jana kutoka Bukavu, poleni na asanteni kwa kufika. Maneno haya yameandikwa na Ernestine, mdogo wake marehemu, na ndiye anayeyasoma. Mume wa marehemu, Pierre Murhula, fundi wa redio ambaye nyote mnamjua, alikaa kando yake tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Alipotaka kupamba, Ernestine alimnyang'anya kalamu. Na Ernestine alipotaka kumhurumia shemeji yake, Pierre mwenyewe alisema, "Apana. Andika vile ilikuwa." Basi tumeandika vile ilivyokuwa, na atakayeona haya avumilie.

Marehemu Odette M'Birindwa, tuliyemwita Mama Astère kwa jina la mtoto wake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1932 huko Kabare, juu ya Bukavu, mtoto wa pili kati ya saba wa mzee Birindwa, fundi matofali wa misioni, na Mama Marguerite, ambaye yuko hai na ana akili zake zote. Alizaliwa wakati wa kupanda maharage, mama akiwa shambani, na mama anasema mtoto huyo hakulia: alifungua macho akawaangalia watu mmoja mmoja.

Alisoma kwa masista kuanzia mwaka 1939 hadi 1946. Akiwa darasa la nne, surua iliingia bwenini, na sista mkuu akamtuma Odette kwenda kuhesabu wagonjwa kitanda kwa kitanda. Alirudi akasema ni arobaini na mmoja. Sista alikwenda akahesabu mwenyewe, akapata arobaini, akamkaripia kwamba hajui hesabu. Odette akafungua kola ya gauni, akamwonyesha shingo: vipele tayari. Alikuwa amejiandika na yeye. Mwaka 1948 alipelekwa Katana kujifunza uuguzi, akamaliza mwaka 1951 na cheti alichokitunza hadi juzi ndani ya Biblia.

Alifunga ndoa na Pierre Murhula tarehe 19 Juni 1954, Bukavu. Wote mliokuwepo mnajua kwamba bwana harusi alinuna kabla ya keki kukatwa, kwa sababu bibi harusi alimshika mkono binamu yake kwa muda mrefu kuliko alivyomshika yeye. Huyo ndiye Pierre. Mtu mwema, mchapakazi, hanywi kupita kiasi, hajawahi kumnyanyulia mke wake mkono. Lakini wivu! Yoo, wivu wa Pierre ungeweza kuwasha taa za Bwiza nzima. Alimwonea wivu padre aliyemuungamisha mkewe. Alimwonea wivu daktari wa meno. Odette alicheka, akasema, "Bwana yangu ananipenda kwa tumbo, ndiyo maana linamuuma."

Mwaka 1957 walihamia Usumbura, kama ulivyoitwa mji huu wakati ule. Pierre alipata kazi kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyeuza redio, na baada ya Uhuru akafungua kibanda chake Bwiza, avenue ya nne. Odette alifanya kazi kwenye chumba cha wazazi kuanzia 1959, akapokea watoto ambao leo wana ndevu. Kisha mwaka 1966 akachukuliwa kwenye kikosi cha kufuatilia magonjwa ya kuambukiza. Ndipo vita vya Pierre vilipoanza.

Wengi walidhani Mama Astère anatembea tu na mkoba wa sindano. Apana. Ndui ikionekana mahali, yeye alitakiwa kumjua kila mtu aliyekaribiana na mgonjwa. Aliingia nyumbani, akaketi, akauliza: Ulikula na nani? Ulilala wapi? Nani alikaa kwenye mkeka huu, nani alibeba mtoto huyu? Kila jina aliliandika, akaandika na mlango ulivyo, maana Bwiza ile nyumba hazikuwa na namba. Aliwachanja wote haraka, kabla siku nne hazijapita, maana chanjo ikichelewa haimkingi tena yule aliyekwisha kuguswa. Kisha kila asubuhi, kwa siku kumi na sita, alirudi kumtazama kila mmoja: joto, paji la uso, mikono, basi. Asiyeugua siku zile zote alifutwa kwenye orodha, na ugonjwa ulikosa pa kwenda. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kazi ya Odette ilikuwa kuwafanya watu wasifiche. Wengine walimwambia mambo ambayo hawakuwa wamemwambia hata padre, na yeye hakuyatoa nje hata siku moja.

Sasa fikirini Pierre, kibandani, katikati ya redio ishirini, na wateja ambao midomo yao haina ufunguo wa kuzimia. "Pierre, jana bibi yako alimuuliza mukwe yangu amelala na nani." "Pierre, bibi yako anajua vitanda vya Bwiza yote." Watu walicheka wakaenda zao, yeye alibaki na bisibisi mkononi na moto kifuani.

Julai 1969, Massoudi, mchuuzi wa vitambaa, alishuka kwenye lori akiwa na homa, akapanga chumba kwa Hamimu, mshona nguo wa avenue ya saba. Siku chache baadaye uso wake ulijaa vipele. Odette aliitwa tarehe 23, siku ya Jumatano. Mpaka Alhamisi jioni alikuwa na majina ishirini na matatu kwenye daftari dogo la jalada la buluu. Kila Jumamosi madaftari ya wiki yalipelekwa ofisini yakanakiliwa kwenye kitabu kikubwa. Kabla ya Jumamosi, daftari lilikuwa moja tu duniani.

Hamimu alikuwa mwenye nyumba, kwa hiyo jina lake lilirudi kila ukurasa. Alikuwa pia kijana mrefu, mwenye shati jeupe na maneno matamu, hana mke. Ijumaa asubuhi mteja mmoja akaja kibandani kuchukua redio yake, akasema, "Mama Astère ametoka kwa Hamimu sasa hivi, alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta."

Pierre alifunga kibanda. Akamkuta mkewe nyumbani, anakula haraka ili arudi kazini.

"Hamimu amekuambia nini?"

"Ni mambo ya kazi."

"Mambo ya kazi inachekesha?"

"Pierre, siwezi kukuambia. Ni siri yake."

"Mi niko bwana yako!"

"Ndiyo maana sikuambii," Odette akasema. "We uko na redio mingi sana."

Alisema kwa utani. Angejua, angemeza ulimi. Alikwenda nyuma ya nyumba kuoga, mkoba akauacha kwenye kiti. Pierre akafungua daftari. Akaona: Hamimu, saa kumi na mbili na nusu. Akageuza. Hamimu, saa kumi na mbili na nusu, nirudi kesho. Hakugeuza tena. Maharage yalikuwa yanachemka kwenye mbabula ya makaa. Pierre akainua sufuria, akaweka daftari juu ya makaa, akarudisha sufuria. Anasema leo kwamba alihisi raha, kama mtu aliyekwisha kung'oa jino bovu. Raha ile ilidumu muda wa mwanamke kuoga.

Odette aliona mkoba uko wazi, akafuata harufu. Pembe ya jalada la buluu ilikuwa bado haijaungua. Majirani walisubiri kelele. Hakukuwa na kelele. Aliuliza tu, "Pierre, umesoma majina ngapi?"

"Moja."

"Ilikuwa ishirini na tatu."

Akaketi chini, nywele zinadondosha maji, akaomba karatasi. Aliandika kwa kumbukumbu, macho amefunga, akitembea nyumba kwa nyumba kichwani. Pierre alisimama juu yake, na hapo ndipo akaanza kusikia majina yenyewe: vikongwe, watoto wachanga, muuza mafuta, mwalimu wa madrasa na wake zake wawili. Hasira hasara, walisema wazee, na wala hawakumjua Pierre. Walifika ishirini na wawili. Jina la ishirini na tatu lilimkimbia. Odette alikumbuka tu kwamba ni mama mwenye mtoto, muuza ndagala, yaani dagaa, aliyekwenda kudai pesa zake kwa Massoudi Jumanne na akaketi kidogo kwenye mkeka. Massoudi ndiye aliyekuwa ametaja jina lake na kijiji chake, na Odette aliwapangia kuwachanja Jumamosi, siku ambayo mama yule huja sokoni. Walikimbia kwa Massoudi. Alikuwa amezidiwa, hasikii mtu. Alifariki kesho yake.

Jumamosi mama wa ndagala hakuja sokoni.

Siku kumi na tatu Odette alitembea kandokando ya ziwa akiuliza wauza ndagala mmoja mmoja, na Pierre alitembea nyuma yake amebeba mkoba, kibanda kimefungwa. Hamimu naye alijitolea kutafuta, kwa sababu ndiye aliyemwona mama yule kwa macho. Kwa hiyo walitembea watatu. Pierre anataka mjue kwamba hata siku zile, akijua alichokifanya, bado alihesabu ni mara ngapi Hamimu alimpa mkewe maji ya kunywa. Mara nne kwa siku ya kwanza. Wivu hauna adabu. Haujui hata kungoja msiba uishe.

Walimpata Ruziba tarehe 8 Agosti. Jina lake Mwanvua. Yeye alikuwa mzima, alichanjwa zamani akiwa msichana. Mtoto wake Sikuzani, wa miaka sita, alikuwa amelala juu ya mkeka, vipele mpaka kwenye nyayo. Odette aliwachanja watu wa Ruziba wote waliokubali, na wagonjwa wengine watatu wa kijiji kile walipona na makovu. Sikuzani alifariki tarehe 14 Agosti 1969. Wale ishirini na wawili wa orodha, hakuna aliyekufa.

Mkubwa wa kikosi, Bwana Jovithe, aliyepo hapa leo, alimwita Odette akamuuliza daftari liko wapi. Pierre alikuwa amesindikiza, amesimama nje ya mlango ulio wazi. Alisikia mkewe akijibu, "Nimelipoteza." Alisikia Bwana Jovithe akisema, "Mtoto amekufa, Odette. Kwa uzembe."  Mguu mmoja wa Pierre ulikuwa umeshapanda kizingiti. Haukuendelea.

Odette aliandikiwa barua ya lawama, akatolewa kwenye kikosi Septemba ile, akapelekwa zahanati kupima uzito wa watoto. Kazi ya kuongoza kikosi baada ya Bwana Jovithe, ambayo wote walijua ingekuwa ya Odette, alipewa mwanamume ambaye yeye ndiye alimfundisha kushika sindano. Kwa karibu miaka minane alining'iniza watoto kwenye mzani, hakunung'unika. Ila redio ikitangaza ugonjwa mahali fulani, aliacha alichokuwa anafanya, akasimama.

Siku ile walipotoka ofisini, Pierre alimuuliza njiani, "Mbona hukusema ni mi?"

"Ningesema, Bwiza yote ingejua majina yao yanafika mukononi mwa bwana yangu. Nani angemwambia tena mutu wa afya amelala wapi?"

Pierre alitegemea jibu lingine. Alitaka kusikia kwamba alimficha kwa sababu anampenda. Kumbe mke wake aliongopa kwa ajili ya Bwiza, si kwa ajili yake. Anasema, na Ernestine ameandika bila kuongeza chumvi, kwamba pale njiani, mtoto wa watu akiwa kaburini, aliwaonea wivu watu wa Bwiza. Ernestine alipoandika hivyo aliweka kalamu chini akatoka nje kuvuta pumzi. Alirudi baadaye.

Tangu siku ile Pierre hakumuuliza mkewe tena anatoka wapi. Msidhani alipona, alinyamaza tu. Kila tarehe 14 Agosti Odette alivaa kitenge kizuri, akachukua sukari na sabuni, akaenda zake hadi jioni. "Naenda kusalimia." Pierre alikuwa na uhakika ni kwa Hamimu. Alimeza. Mwaka wa tatu alipata vidonda vya tumbo. Ernestine alimwambia dada yake, "Yaya, mwambie unakwenda wapi, utamuua." Odette akajibu, "Akiuliza, nitamwambia." Hawa nao walikuwa watu wawili wa ajabu.

Mwaka jana, mwezi Julai, Odette alianza kuvimba miguu, kisha tumbo likajaa maji. Daktari alisema ni ini. Alilazwa mara tatu, Novemba akaomba kurudi nyumbani. Watu walianza kuja. Mnajijua. Walikuja wanaume wengi kuliko wanawake, na Pierre aliketi mlangoni kama askari wa forodha. "We ni nani kwake?" Mmoja akasema, "Alinichanja." Mwingine akasema, "Alikunywa chai kwangu siku kumi na sita." Hamimu alikuja na upara wake, mke na watoto wanne, na Pierre bado akainuka kuzuia njia. Sauti ikatoka ndani, dhaifu lakini ni yake: "Pierre, mwache aingie. Anakuja kuniaga, hakuja kuniposa."

Mwezi Januari alikuja mama mmoja na kikapu. Pierre akauliza kama kawaida. Mama akasema, "Mi ni mama wa ule mutoto wa Ruziba. Nimeona Agosti imepita, Odette hakukuja." Pierre alisimama, akampa kiti chake, akatoka uani. Tunajua alichofanya uani, maana ukuta wetu ni mwembamba.

Jioni ile Odette alimwita. Ernestine alikuwa anamkanda miguu, na alisikia kwa masikio yake. "Pierre, nikifa, useme. Sasa siendi tena kwa mutu kumuuliza siri. Na ile barua, sitaki watoto wangu waikute."

"Nitasema."

"Utasema mbele ya watu, ao utasemea redio?"

"Mbele ya watu."

"Basi." Akalala. Marehemu Odette M'Birindwa alifariki nyumbani kwake Bwiza siku ya Jumatatu tarehe 6 Februari 1978, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, baada ya kupokea sakramenti, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, ambaye hakuuachia hata kwa padre.

Jana asubuhi, Pierre alipotaka kupeleka maneno haya kwa mpiga chapa, Ernestine alimzuia. Alimwambia, "Shemeji, yule mama hatasikia jambo hili makaburini pamoja na watu wote. Atasikia kwanza kwa kinywa chako." Walikwenda Ruziba wote wawili. Mwanvua alikuwa anaanua ndagala. Pierre alimwambia kila kitu, amesimama, kofia mkononi: daftari, mbabula, kizingiti. Mwanvua aliendelea kuanua mpaka mwisho wa mkeka.

Kisha akauliza, "Odette alijua ni we?"

"Alijua siku ileile."

"Miaka saba anakuja hapa, anapiga magoti, anasema, nisamehe Mwanvua, nilichelewa. Kumbe alikuwa ananiomba musamaha ya mutu mwingine." Akajifuta mikono, muda mrefu. "Kesho nitakuja kumuzika. We, nitakujibu siku ingine."

Basi ijulikane kwa wote, na imechapishwa hapa ili isomwe na asiyekuwepo: daftari la Julai 1969 halikupotea. Lilichomwa na Pierre Murhula kwa sababu ya wivu, na mke wake hakuwa na kosa. Bwana Jovithe, familia inakuomba kwa heshima, barua ile itolewe kwenye dosie yake ya kazi, au iandikwe juu yake ukweli huu.

Marehemu ametanguliwa na baba yake, mzee Birindwa. Ameacha mama, Marguerite; ndugu sita, akiwemo Ernestine; watoto watatu, Astère, Léocadie na Mirindi; na mjukuu mmoja ambaye bado hajabatizwa. Ameacha watu wa Bwiza na Ruziba ambao aliwagongea milango. Na ameacha mume, Pierre Murhula, ambaye bado hajajibiwa.

Mungu ampokee Odette, ampumzishe vema.